Nilivyolifuata Jina Langu Hadi Laare

Wanawake wa Dallas, mtaa wetu hapa Embu, mmeniuliza mmoja mmoja mpaka nimechoka. Mmoja alinishika kwenye bomba la maji, mwingine kanisani watu wakitoa sadaka, mwingine alikuja na sukari kama aliyekuja kwa matanga. Sasa naandika mara moja. Someni, mpitishiane, mniache nipalilie sukumawiki yangu.

Chanzo mnakijua. Binti yangu Marigu aliolewa na Kaberia, kijana wa Laare, kule juu milimani Nyambene ambako shamba ni miraa, ua ni miraa na mazungumzo ni miraa. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, wakamwita Makena. Sikusema neno. Kwetu Embu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya bwana, kwa hivyo nikajua mama ya Kaberia ndiye Makena. Wa pili ni wangu. Hilo hata mlevi wa Embu analijua.

Basi nikangoja. Mimba ya pili ikaja, nikamwomba Mungu mtoto awe msichana, akawa msichana. Nikawatangazia kwamba Igoki, yaani mimi, amezaliwa upya, mkapiga vigelegele, na wengine mkala chapati zangu tatu tatu. Halafu Marigu akapiga simu.

"Mami, mtoto tumemwita Karimi."

"Karimi ni nani?"

Akaanza kueleza. Nikakata simu. Akapiga tena, nikaizima kabisa, nikaiweka ndani ya unga.

Karimi ni mlimaji, hata sisi Waembu neno hilo linatuingia bila mkalimani. Lakini ni mlimaji gani huko Laare aliyelima mpaka akapewa mjukuu wangu? Jirani? Mwanamke wa sokoni mwenye mdomo mtamu? Mume wangu amekufa na jina lake linatembea, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanangu analo. Mimi je? Mtu asiyeitwa tena amekwisha, hata kama bado anakula. Nikafunga mzigo.

Embu hadi Chuka

Nilibeba sufuria ya njahi, yale maharagwe yetu meusi, nilizopika mwenyewe, maana mama aliyejifungua asipokula njahi maziwa yatatoka wapi. Niliifunga kwa leso na kuiweka mapajani. Pamoja nami alikuwa Wawira, mjukuu wangu wa chuo kikuu, mnamjua, yule mwembamba anayevaa suruali iliyochanika magotini ilhali mamake anaweza kushona. Anasoma somo linaitwa anthropolojia. Nilimuuliza ni dawa za nini. Akasema si dawa, ni somo la watu na utamaduni wao. Nikamwambia watu mimi nawasoma bure.

Tulipopita Runyenjes gurudumu la matatu likapasuka. Dereva hakuwa na lingine la akiba, akaenda kuazima, na sisi tukakaa kwenye nyasi kama mihogo iliyoanikwa. Hapo ndipo Wawira alipoanza kunifundisha.

"Cucu, hakuna mtu anayezaliwa na utamaduni. Mtu anafundishwa."

"Nani amebisha? Wewe nilikufundisha kunawa mikono kwa fimbo."

"Na kila watu wanadhani wao ndio kipimo. Wanawapima wengine kwa kibaba chao wenyewe, halafu wanasema hao wengine wamepungua."

"Kwa hivyo watu wa Laare wakinyang'anya jina langu niseme asante?"

"Useme kwanza, kwa nini mmefanya hivi."

"Nitasema. Nitasema nikiwa nimesimama, na mkono kiunoni."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara alicheka mpaka akatupa ndizi mbili za bure. Wawira hakucheka. Akaniambia wasomi wa somo lake wakitaka kuelewa watu wanaenda kukaa nao, wanakula wanachokula, wanafanya wanachofanya, na wananyamaza. Nikamwambia hayo mengine nitajaribu, ila hilo la mwisho tusidanganyane.

Dereva alirudi na gurudumu lililokuwa na upara kuliko kichwa cha mchungaji wetu. Tukaenda nalo hivyo hivyo.

Chuka hadi mjini Meru

Kutoka Chuka ni makona, mito na migomba. Kona moja njahi zinakuja kifuani, kona nyingine zinakwenda kwa jirani, bwana mmoja mnene aliyekuwa amelala. Alipoamka akaniuliza kwa lugha ya kwao nimebeba nini. Nilimwelewa, lakini kwa shida. Hiyo ndiyo ajabu ya barabara ile. Lugha haikatiki kama kamba, inateleza. Embu unasikia yote. Chuka unasikia karibu yote. Nkubu ni kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili, sauti unaijua ila wimbo unakuponyoka. Wawira akafurahi niliposema hivyo, akasema nimesema jambo la darasani. Nikamwambia aniandikie digrii basi.

Tulifika Meru tumechelewa gari la kwenda mji wa Maua, njia ya Laare. Na njahi zilikuwa zimeanza kuchacha. Nilifungua leso, nikanusa, nikataka kulia.

Tulikuwa tumesimama mbele ya kihoteli cha mama mmoja Mwislamu, Mama Zainabu, mumewe ana bucha pale pale mlangoni. Aliona uso wangu akaja, akanusa sufuria bila kuombwa, akasema, "Hizi bado hazijafa, dada. Lete." Akazichemsha upya kwa kitunguu na chumvi mpaka harufu ikarudi ya watu. Akatuwekea pilau. Nilikula ile pilau kama niliyetumwa kuimaliza, na yeye akakaa karibu kunisikiliza.

"Na mume wako umemwachia nani nyumbani?" akauliza.

"Yuko shule. Yuko darasa la pili."

Akaweka kijiko chini taratibu.

"Anafundisha darasa la pili?"

"Anafundishwa. Na hesabu hazimwingii. Jana aling'oka jino, nikamwambia, bwana yangu, hilo litupe juu ya paa."

Mama Zainabu alimwangalia Wawira, akaangalia mlango wa bucha kama anayetaka kumwita mumewe mwenye kisu. Wawira ndiye aliyeniokoa. Akamweleza kwamba kwetu mjukuu wa kiume akichukua jina la babu, basi ndiye babu amerudi, na nyanya anamwita mume wangu, anamtania, anamdai kuni, na mtoto naye anamwambia nyanya amepika vibaya.

"Alhamdulillahi," akasema Mama Zainabu, "nilikuwa nakwenda kwa chifu." Kisha akacheka mpaka akashika meza. Lakini aliponyamaza aliniuliza swali moja zuri. "Na wewe, nani anakurudisha?"

Nikamwambia ndiyo naenda kumtafuta.

Tulilala kwake. Asubuhi akatutafutia gari la kaka yake.

Meru hadi Laare

Gari la miraa likienda Nairobi hukimbia kama limeiba. Likirudi tupu linasimama hata kwa kuku. Kaka ya Mama Zainabu alikuwa anarudi Maua na mbele yake Laare kuchukua mzigo mpya, na njiani aliwasalimu watu wote wa Kianjai, wote wa Kangeta, na mmoja aliyekuwa ndani ya choo. Kila mahali alipouliza habari za mtu nami niliuliza habari zangu.

"Kuna mwanamke hapa anaitwa Karimi?"

Wakaniuliza, Karimi yupi? Kumbe ni wengi kuliko nzi. Kulikuwa na Karimi wa posho mill, Karimi wa kwaya, na Karimi mmoja aliyemkimbia mumewe. Nikawaza huenda ni huyo wa mwisho ndiye aliyepewa mtoto wangu.

"Cucu, si ungemuuliza Aunti Marigu tu?" Wawira akasema.

"Simu iko kwenye unga."

Laare ilikuwa imejaa: wakulima na mafurushi yaliyofunikwa majani ya migomba, wanunuzi wakipiga kelele, pikipiki kila pembe. Kumbe Wawira alikuwa amewatumia ujumbe kwa simu yake, na Kaberia alikuwa ametumwa kutupokea. Nilimwona kabla hajaniona, mrefu, kofia nyekundu. Nikapunga mkono. Akaniona. Wanawake, yule kijana aligeuka kama aliyeona mahakama. Akaingia nyuma ya lori, na mtu mwingine kabisa ndiye aliyekuja kuchukua mizigo, akasema, "Karibu juju," ndivyo wanavyomwita nyanya huko, "Kaberia anawasalimu."

"Anatusalimu kutoka wapi? Si yuko pale, naona kofia yake."

"Anawasalimu tu."

Nikajiambia, sawa. Mwizi hamwangalii machoni mwenye ng'ombe.

Nyumbani kwa wakwe

Mtoto nilimwona. Ni mzuri, kichwa kizuri, vidole vyangu kabisa. Nilimbeba, nikamtemea mate ya baraka, lakini sikumwita jina lolote. Nilimwita "wewe." Marigu alikula njahi akilia kidogo, sijui ni furaha au ni chumvi ya Mama Zainabu. Alitaka kunieleza jambo, nikamwambia anyamaze anyonyeshe. Neno langu lilikuwa na mwanamume wa nyumba, si na aliyejifungua.

Sasa sikilizeni vituko. Kaberia akaja kwa mlango wa mbele, akaona viatu vyangu, akarudi. Akaja kwa mlango wa jikoni, mimi niko jikoni, akarudi na bakuli mkononi bila chakula. Nilipokaa kwenye kivuli nje, aliinama akapita nyuma ya ghala kama anayevizia kwale. Mama yake, ambaye mimi nilikuwa nikimwita Mama Kaberia, mama mnene anayecheka hata akikohoa, alikuwa anatazama yote hayo na kutikisika mabega.

Kwetu mkwe anakuja, anakaa mezani, anakula chapati nne na kuomba chai nyingine. Aibu za zamani tuliziacha tangu nikiwa msichana. Kwa hivyo nilijua huyu ana hatia, na hatia yenyewe ni jina langu.

Siku iliyofuata asubuhi nilimwona akiteremka njia ya shambani. Nikamfuata.

"Kaberia."

Akaongeza mwendo. Nikaongeza. Akaingia kwenye miraa. Nikaingia. Akakimbia kidogo, na mimi nikakunja sketi. Miti ya hapo ni mikubwa, minene, ya kale, imepandwa na babu za babu zao, wanaiita mbaine. Alipoona anakaribia kushikwa alipanda juu ya mmoja kama nyani, akakaa kwenye tawi na kufunika uso kwa ile kofia nyekundu.

Nikasimama chini, mkono kiunoni kama nilivyoahidi.

"Karimi ni nani?"

Majani tu ndiyo yaliyotikisika.

"Nimekuuliza. Nimetoka Embu na gurudumu lenye upara, nimeulizia Karimi hadi kwa mtu aliye chooni, na wewe unanipandia mti. Ni nani huyo aliyeshinda mama ya mke wako?"

Hapo nikagundua miti mingine nayo ina watu. Vijana waliokuwa wakivuna walikuwa wameganda juu, hawashuki, hawapandi, wananitazama kama nyoka ameingia kanisani. Mmoja akaanza kuomba kwa sauti ndogo. Na kwenye njia alikuwa anakuja baba ya Kaberia, Mzee M'Mwirichia, na bakora yake, akitembea pole pole sana.

"Mama," akasema, "simama hapo. Usiguse chochote. Rudi kwa nyayo zako ulizokujia."

"Sijagusa miraa yako. Namtaka aliye juu yake."

"Mama, hapo mwanamke haingii. Hata mke wangu, tangu aolewe, hajawahi kuvuka jiwe lile."

Nikatazama jiwe. Nilikuwa nimelivuka mbali sana. Nyuma ya jiwe Wawira alikuwa amekaa chini, kichwa magotini, anacheka mpaka hana sauti. Hiyo ndiyo anthropolojia aliyoenda kusomea.

Chini ya ukuta wa ghala

Mchana tulikalishwa. Mzee upande mmoja na wazee wenzake wawili wa jirani, mimi na Wawira na mama ya Kaberia upande mwingine, Marigu mlangoni na mtoto. Kaberia alikuwa nyuma ya ghala. Tulikuwa tunamsikia akipumua.

Mzee akasema shauri ni la miti. Mwanamke akiingia kwenye mbaine, miti inaweza kukauka, na kosa hilo huoshwa kwa kondoo dume na asali. Nikasema na mimi nina shauri, na langu lilitangulia. Nikasimama nikawaambia yote: msichana wa kwanza wa mama ya bwana, nikanyamaza, wa pili wangu, nikaibiwa. Nikasema hata hapa Laare najua kuna watu wanaona haya, ndiyo maana mmoja anaishi kwenye matawi.

Mama ya Kaberia akaanza kucheka. Akacheka mpaka wazee wakamwambia atulie.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi jina langu unalijua?"

"Makena."

"Mimi ni Kaari. Tangu nizaliwe."

Nikakaa bila kutaka.

"Sisi hatuchukui jina la mtu," akasema. "Tunachukua yule mtu mwenyewe, alivyo. Mimi nacheka, basi mjukuu wangu anaitwa Makena, mwenye furaha. Wewe, siku tulipokuja Embu kuleta mahari, wageni tumevaa, mbuzi tumeshika, tukauliza mama ya bibi harusi yuko wapi. Tukaambiwa mvua imenyesha jana, yuko shambani anapanda maharagwe. Ukaja na matope hadi hapa," akajigusa kiwiko, "ukatusalimu kwa kiwiko, ukasema tukae, imebaki mistari miwili, na ukarudi. Nilimwambia mzee huyu, mbegu ya huyu mwanamke lazima ifike kwangu. Karimi ni wewe."

 Na mimi, mnanijua, nikajishika kiwiko.

Hata hivyo nilijaribu kubisha. Nikasema, "Lakini Igoki ndilo jina. Mngeniwekea Igoki, ingewagharimu nini?"

Kaari akaonyesha ghala kwa kidevu. "Huyo aliye huko nyuma, huku kwetu mwanamume hamwangalii mama ya mke wake usoni, hakai naye, na jina la mama huyo halipiti mdomoni mwake mpaka afe. Ni heshima, si hatia. Mtoto angeitwa Igoki, babake angemwitaje? Angempigia mluzi kama mbwa?"

Nyuma ya ghala mtu akakohoa kukubali.

Basi nikaona yote niliyofanya. Kijana alikuwa ananiheshimu kutoka mlango hadi mlango, na mimi nikaifuata heshima yake hadi juu ya mti. Wawira alinitazama, akafungua mdomo. Nikamwambia, "Ukisema kibaba nitakuacha hapa."

Lakini kulikuwa na ile miti. Mzee mmoja wa jirani, mkali, akasema hayo ya majina ni mazuri lakini mwanamke ameingia, na mwanamke ni mwanamke. Kaari akasimama. Yule mama, msimwone anacheka. Akawaambia wazee: "Mnajuaje ni mwanamke aliyeingia? Muulizeni ni nani. Akiwa ni Igoki wa Embu, ni mgeni na ni mwanamke, na kondoo atoe. Akiwa ni Karimi, Karimi wa nyumba hii ananyonya, meno hana, mwanamke bado hajawa. Mtoto mchanga alipitishwa kwenye mbaine lini ikawa kosa?"

Wazee wakainamiana wakanong'ona kwa muda mrefu. Nilikuwa naona mmoja anazuia kicheko kwa bakora. Mwishowe Mzee M'Mwirichia akanigeukia, uso mkavu kama wa hakimu.

"Mama, asubuhi ni nani aliyeingia kwenye miraa yangu?"

Wanawake, jina langu nimelibeba maisha yangu yote. Nimebatizwa nalo pembeni mwa jina la kanisa, nimeolewa nalo, nimegombana nalo sokoni na nikashinda. Nilitoka Embu nalo nikisema nitalipanda Laare. Na sasa nikiling'ang'ania nina hatia mbele ya wakwe zangu, na mjukuu hana langu. Nikiliachilia nimo ndani ya nyumba yao, na vidole vyangu, na matope yangu. Nilimtazama yule mtoto mlangoni. Alikuwa amekunja ngumi kama aliyeshika mpini.

"Ni Karimi," nikasema.

"Basi mwambieni mamake amchunge," Mzee akasema, na shauri likaisha. Wakaleta uji na nyama ya mbuzi, na yule mzee mkali ndiye aliyenipa figo.

Kurudi

Nilikaa siku chache zaidi, nikawalimia Marigu na Kaari kiwanja cha mboga nyuma ya nyumba, mbali na jiwe. Kila nilipoingia jikoni nilikohoa kwanza ili kijana apate muda wa kutoka. Tulizoeana hivyo hivyo. Alikuwa akiniachia nyama kwenye sahani juu ya dirisha na mimi nikimwachia sahani safi.

Siku ya kuondoka wote walitusindikiza hadi barabarani, kasoro yeye. Mtoto alikuwa amebaki ndani amelala. Tulipokuwa tunapita ua wa miraa, nikasikia sauti ya mwanamume upande wa pili, haionekani, inaongea polepole kama mtu anayembembeleza mwanawe.

"Karimi," ikasema. "Uende salama, mama. Mvua ikinyesha utukumbuke."

Wawira akanitazama aone nitafanya nini. Nikasimama, nikaangalia mbele, sikugeuza shingo kuelekea kwenye ua hata kidogo.

"Ndiyo," nikaitika.